Nani Anakaa Barazani? Kanisa la Meru na Embu Mbele ya Madai ya Usawa

Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa hukumu inayotajwa hadi leo kila panapozungumzwa haki za watoto wa kike nchini Kenya. Wasichana 11 walionajisiwa walikuwa wamelalamika kwamba polisi walipokea malalamiko yao kisha wakayaacha yalale. Aliyewashika mkono hadi mahakamani ni Ripples International, shirika la mjini Meru lenye mizizi ya Kikristo, linaloendesha makao ya kuwahifadhi watoto kama hao. Mahakama ilikubaliana nao: polisi anayepuuza kuchunguza unajisi anavunja Katiba, ikiwemo haki ya mtoto huyo kutobaguliwa. Kesi hiyo ilikuja kujulikana kama kesi ya wasichana 160, kwa sababu nyuma ya wale 11 walikuwapo wengine wengi waliopitia mateso yale yale.

Chini ya miaka miwili baadaye, Machi 2015, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi nyingine. Safari hii mlalamikaji alikuwa Kanisa la Methodisti nchini Kenya. Lilitaka wasichana Waislamu wa shule ya sekondari ya St Paul's Kiwanjani huko Isiolo, shule ambayo kanisa ndilo mfadhili wake, wasiruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Hoja yake ilikuwa usawa: ukiruhusu kundi moja livae kivyake, umewabagua waliobaki. Kanisa lilishinda. Septemba 2016, Mahakama ya Rufani kule Nyeri ikaipindua hukumu hiyo na kueleza kwamba kuwatendea kwa namna moja watu walio katika hali tofauti kunaweza kuwa ubaguzi kwa njia ya mzunguko. Januari 2019, Mahakama ya Juu nayo ikaitengua hukumu ya Nyeri kwa sababu za utaratibu, kwa kuwa mzazi aliyeidai hijabu aliingiza dai lake akiwa mhusika tu katika kesi ya mwingine. Kiini cha jambo, yaani kama msichana yule ana haki ya kujitanda kichwa darasani, hakikuamuliwa.

Ninaziweka kesi hizi pamoja kwa sababu katika zote mbili Wakristo walisimama mahakamani wakitaja usawa. Katika ile ya kwanza waliudai kwa niaba ya watoto wasio na sauti. Katika ile ya pili waliudai wakiwa wenye nyumba, ili mgeni afuate taratibu za nyumba. Swali la Mkristo wa Meru na Embu kuhusu uanuwai, usawa na ujumuishaji limo katikati ya kesi hizo mbili. Kuwatetea wanaoumizwa na wengine tunaweza, na tumefanya hivyo kwa ushujaa. Kinachotushinda ni kugawana nafasi na watu pale ambapo nafasi hizo ziko mikononi mwetu.

Mjadala huu siku hizi hutufikia kupitia simu, umevaa mavazi ya Marekani. Rais Donald Trump alipotia saini Januari 2025 amri ya kuifuta mipango ya aina hii katika serikali yake, wako waumini wetu walioshangilia kana kwamba jambo lenyewe lilizaliwa Washington na limezikwa huko huko. Huko ni kupotea njia. Kwetu jambo hili limeandikwa katika Katiba ya 2010. Ibara ya 10 inataja usawa, ujumuishaji na ulinzi wa waliotengwa miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi na kuagiza kwamba chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za watu wa jinsia moja. Ibara ya 54 inataka asilimia 5 ya nafasi hizo ziwaendee watu wenye ulemavu. Sheria ya utangamano ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaagiza angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Kwa maneno mengine, Mkenya haulizwi kama anautaka mpango huu. Anaishi ndani yake.

Na kanisa lilikuwa wapi Katiba hiyo ilipopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010? Maaskofu Wakatoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa walihimiza waumini waikatae, kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu utoaji mimba. Hofu yao kuhusu uhai ninaielewa, na sehemu yake ninaishiriki. Lakini gharama ya msimamo ule haijahesabiwa vya kutosha. Kanisa lililopigana miaka ya 1980 na 1990 kwa ajili ya katiba mpya lilijikuta nje siku ilipopita, na tangu hapo vifungu vya usawa vimeonekana kama mali ya mashirika na mawakili, kana kwamba si tunda la mahubiri ya watu kama David Gitari. Huyu alikuwa askofu Mwanglikana wa Mlima Kenya Mashariki tangu 1975, dayosisi iliyoanzia Kirinyaga na Embu ikapanda hadi Marsabit kwa wafugaji wa kaskazini. Aliupinga uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupiga kura kwa kupanga foleni, na mwaka 1989 genge likaivamia nyumba yake usiku. Gitari hakuhitaji kuambiwa na mfadhili yeyote kwamba mchunga ngamia wa jangwani na mkulima wa kahawa wa Mlima Kenya wana haki moja mbele ya Mungu na mbele ya sanduku la kura.

Ila tukubali pia kwamba makanisa yetu yalianza kwa kugawa watu. Wamisionari waliofika mwanzoni mwa karne iliyopita waligawana nchi kama mashamba. Wakonsolata Wakatoliki waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti, waliokuwa wamekaa Ribe pwani tangu 1862, walifika Kaaga mwaka 1912. Waanglikana walianza Kabare mwaka 1910 kisha wakashuka Kigari, Embu. Wapresbiteri wa Uskoti walifungua Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Archibald Irvine. Matokeo yake ni kwamba hadi leo, ukitaja ukoo na tarafa ya mtu wa upande huu, unaweza kukisia anasali wapi: Mwimenti ni Mmethodisti au Mkatoliki, Mmwimbi na Mchuka ni Wapresbiteri, Mwembu ni Mwanglikana au Mkatoliki. Shule na hospitali zilifuata mistari hiyo hiyo, na baada yake kazi na vyeo.

Waliokaa pembezoni mwa mistari hiyo walichelewa kwa kila kitu. Watharaka walisikia Injili kwa Kimeru cha wengine kwa miongo mingi kabla ya kupata Agano Jipya kwa lugha yao mwanzoni mwa karne hii. Waembu na Wambeere walizoea kusoma Biblia ya Kikikuyu. Huko Mbeere, nyanda kavu za Siakago na Kiritiri zilitazamwa kutoka juu, kutoka mashamba ya chai na kahawa ya Manyatta na Runyenjes. Waanglikana walipoipa Mbeere dayosisi yake mwaka 1997, wako waliosema huo ni ukabila unaovishwa joho. Mimi naona kulikuwa na haki ndani yake. Watu wanaotawaliwa daima na kamati iliyoketi mahali pengine hatimaye huuliza kwa nini. Hata hivyo, kila kundi likipewa dayosisi yake hatutakuwa tumejifunza kukaa pamoja. Tutakuwa tumejenga kuta zilizo ndogo zaidi.

Hapa ndipo sheria inapofika mwisho wa uwezo wake. Asilimia 30 ya kaunti huhesabu makabila. Malalamiko ya Meru yako ndani ya kabila: Mwigembe na Mtigania wakihisi kwamba Imenti imekalia bursari na vyeo, kisha mkono ukigeuka Mwimenti naye akinung'unika vile vile. Hakuna fomu ya ajira yenye kisanduku cha hilo. Ni kanisa tu, lenye sakiti na parokia katika kila bonde, linaloweza kuona kwamba orodha ya walioitwa kwenye mahojiano imejaa majina ya mteremko mmoja, na kulisema bila kuomba kura ya mtu.

Historia ya Meru ina onyo jingine, na ningependa kila anayepanga ujumuishaji alisikie. Mwaka 1929 na 1930, makanisa ya Chogoria na Kaaga yaliwataka waumini waape kuachana na ukeketaji. Wengi waliondoka, na makanisa yakabaki karibu matupu. Baadaye miaka ya 1930 ikaja suluhu ya ajabu kidogo: wanaume Wakristo wakaruhusiwa kuingia Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, kwa kiapo kilicholainishwa ili kisikwaze imani yao. Wanaume walipatana na wanaume. Kisha Aprili 1956 Njuri ile ile, ikihimizwa na wakoloni, ikapiga marufuku ukeketaji Meru nzima. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Miongoni mwao walikuwa wasichana waliojitahiri wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana.

Marufuku yale yalikuwa sahihi katika nia, nami sina hata chembe ya shaka kwamba ukeketaji ni uovu. Lakini uamuzi kuhusu miili ya wasichana ulifanywa na wazee ambao hakuna msichana wala mama aliyeketi kati yao, na wasichana wakajibu kwa kuifanya miili yao uwanja wa uasi. Linganisha na kilichotokea Gatunga, Tharaka, mwaka 1996. Akina mama wa Maendeleo ya Wanawake, pamoja na familia zilizokubali zenyewe, walianzisha ibada mbadala iliyoitwa Ntanira na Mugambo: msichana anakaa faraghani, anafundishwa na somo wake, anatoka kwa shangwe na zawadi bila kukatwa. Lilikuwa jambo dogo, la familia chache, lakini lilienea, na makanisa mengi yakalichukua. Aliyekuwa akiumizwa alikuwa sasa mmoja wa wapangaji.

Maandiko yanalisema hili waziwazi kuliko tunavyolihubiri. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, wajane wenye kuzungumza Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, huku wajane wa Kiebrania wakipata. Mitume wangeweza kujibu kama tunavyojibu sisi: katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, basi acheni manung'uniko. Hawakusema hivyo. Waliita kusanyiko lote, wakataka wachaguliwe watu saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao. Kanisa la kwanza lilikabidhi ghala la chakula kwa watu wa upande uliolalamika. Hawakuhitaji asilimia, maana walikwenda mbali kuliko asilimia. Na walisisitiza sifa: watu wenye sifa njema, waliojaa hekima. Kwa hiyo anayedai kwamba kugawa nafasi ni kuua ubora hajaisoma sura hiyo, na anayedai nafasi bila kuuliza sifa naye hajaisoma.

Sasa chukua kipimo hicho uingie nacho katika kanisa lolote la mjini au la kijijini Igoji. Wanaojaza viti Jumapili ni wanawake. Wao ndio Mothers' Union, ndio Woman's Guild, ndio Chama cha Wanawake Wakatoliki, ndio wanaofagia, wanaopika siku ya harambee, wanaoongoza sala katika jumuiya ndogo ndogo. Nenda kwenye kamati ya ujenzi na kamati ya fedha uhesabu tena. Wapresbiteri walimweka wakfu mwanamke wa kwanza, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Waanglikana wa Kenya walikubali rasmi mwaka 1990. Ilichukua hadi 2021 kupata maaskofu wanawake, Emily Onyango kama askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno wa Butere, wote magharibi mwa nchi. Wakatoliki wana mafundisho yao kuhusu upadri, na siwaombi wayaache ili kufurahisha wengine. Lakini hakuna fundisho la Kanisa Katoliki linalomzuia mama kuwa mwenyekiti wa baraza la parokia au kushika hundi.

Kuna jambo la kushangaza katika siasa za eneo hili. Mwaka 2022 Meru na Embu zote mbili zilichagua wanawake kuwa magavana, mbili kati ya kaunti saba tu zilizofanya hivyo. Embu ilimpa Cecily Mbarire. Meru ilimpa Kawira Mwangaza, mgombea huru, ambaye pia ni askofu wa kanisa lake la Baite Family Fellowship. Wapiga kura walio waumini wa makanisa ambayo mwanamke hajapata kuyasimamia waliwakabidhi wanawake bajeti za mabilioni. Yaliyofuata Meru yanajulikana. Bunge la kaunti lilimng'oa Mwangaza mara tatu. Seneti ilimrudisha mara mbili na kumwondoa Agosti 2024. Machi 2025 Mahakama Kuu ikaidhinisha kuondolewa kwake, na naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Mashtaka yalikuwa ya utawala mbaya, yakasikilizwa, yakaamuliwa, na kiongozi mwanamke hana kinga dhidi ya kuwajibishwa. Usawa ni pamoja na hilo. Kinachonisumbua ni upande wetu wa jambo: katika vuta nikuvute ya zaidi ya miaka miwili, sauti za kichungaji zilisikika zaidi zikiegemea kambi kuliko zikiwakumbusha wote kwamba ndoa ya gavana na jinsia yake si hoja za bajeti.

Kuhusu ulemavu nitasema machache, kwa sababu hapa kanisa lina sifa ya kweli. Wakatoliki walijenga St Lucy's huko Igoji kwa watoto wasioona wakati ambapo watoto hao walikuwa wakifichwa nyumbani. Pale Kaaga, penye chimbuko la Umethodisti wa Meru, ipo shule ya viziwi. Watoto wa shule hizo wamekuwa walimu na mawakili. Lakini ni makanisa mangapi ya mawe yaliyojengwa kwa harambee yenye njia ya kiti cha magurudumu hadi madhabahuni? Ni ibada ngapi zina mtu wa lugha ya ishara? Tumewajengea shule mbali nasi, tukasahau kuwajengea mlango kwetu. Mfalme Daudi alimweka Mefiboshethi, mwenye miguu iliyolemaa, mezani pake kila siku, na hakumtumia chakula nyumbani kwake.

Liko pia swali ambalo ndilo linalowafanya waumini wengi wausikie ujumuishaji kama hatari. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kukataa kusajili shirika la wapenzi wa jinsia moja kwa sababu tu ya wanachama wake ni nani. Maaskofu wa karibu kila kanisa walilaani. Ninashikilia mafundisho ya kanisa langu kuhusu ndoa, na sioni haya kuyasema. Lakini hukumu ile haikubadilisha sheria ya ndoa wala haikumlazimisha mchungaji kufungisha ndoa yoyote. Ilihusu haki ya watu kuungana na kuunda chama. Hofu ya jambo hili moja imetumiwa kufunga mlango kwa mengine yote: ukitaja usawa barazani, mtu anakuuliza kama umelipwa na wazungu. Kwa njia hiyo mjane wa Tigania na kijana kiziwi wa Embu wanalipia mjadala usiowahusu. Na hata huyo ambaye maisha yake siyakubali, akipigwa mtaani Makutano ni jirani yangu aliyelala njiani kuelekea Yeriko, na kanisa linalopita upande wa pili lina hesabu ya kutoa.

Narudi kwenye hijabu, kwa sababu haijaamuliwa na inaweza kurudi mahakamani wakati wowote. Kanisa la Methodisti lilikuwa na hofu ya haki: shule iliyojengwa kwa sadaka za waumini isije ikapoteza sura yake. Lakini Wamethodisti wenyewe ni watu waliokuja. Walitoka Uingereza wakapokewa Ribe na Wamijikenda, wakatoka Ribe wakapokewa Meru na watu wenye dini yao na mavazi yao. Sura ya shule ya Kikristo haiko kwenye kichwa cha binti Mborana. Iko katika namna anavyofundishwa na anavyolindwa, na kama atamkumbuka mwalimu wake mkuu kama mtu mwema. Kanisa lingeweza kusema hivyo leo bila hakimu yeyote kuliamuru.

Na lipo jambo moja ambalo halingoji mahakama wala serikali: ardhi. Binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana, na Mungu akasema wana haki. Katiba yetu, katika ibara ya 60, inakataza mila za ardhi zinazowabagua wanawake, na Sheria ya Urithi inawatambua watoto wote. Lakini Meru na Embu, kahawa, chai, miraa na muguka bado hupita kutoka baba kwenda kwa wana. Mirathi huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, kisha kesi hufunguliwa Meru, Chuka, Embu au Siakago. Katika barua nyingi binti hawamo, hasa walioolewa, na wao hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wachoyo. Mchungaji hufika katika nyumba hiyo kabla ya chifu. Ndiye anayeongoza mazishi, na katika wasifu wa marehemu unaosomwa mbele yake, watoto wote hutajwa, wa kiume na wa kike, kwa majina yao kamili. Anao uwezo wa kurudi wiki chache baadaye, akae na ukoo, na kuuliza kwa nini barua ya chifu ina majina machache kuliko yale yaliyosomwa kaburini.